Uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Tanga

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Tanga, wa mjini na wa wilayani, ambao wamesikia habari za uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana na wangependa kujua kama unawahusu. Sehemu kubwa inamhusu mtu anayejisikia mzima. Mwenye dalili asianzie juu. Aende moja kwa moja kwenye swali la damu katika choo, kwa sababu njia yake ni nyingine na haitakiwi kuchelewa.

Saratani ya utumbo mpana huanzaje?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu, ambamo maji hufyonzwa na mabaki ya chakula hugeuka kuwa choo kabla ya kufika kwenye puru, yaani kipande cha mwisho kinachoishia kwenye njia ya haja kubwa. Saratani nyingi za hapo hazianzi zikiwa saratani. Huanza na vinyama vidogo viitwavyo polipu, vinavyoota katika ukuta wa ndani wa utumbo kama chunjua zinavyoota katika ngozi. Polipu nyingi hubaki hivyo maisha yote bila kumdhuru mtu. Baadhi yake, hasa zile za aina ya adenoma, hukusanya mabadiliko katika chembe zake mwaka baada ya mwaka, hukua, na hatimaye hugeuka kuwa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi au zaidi.

Muda huo mrefu ndio unaoupa uchunguzi maana. Polipu ikionekana mapema na kukatwa, saratani ambayo ingetokea mahali pale haitokei kabisa. Katika jambo hili ugonjwa huu unafanana na saratani ya shingo ya kizazi, ambayo kinamama wengi wa mkoa wetu wanaifahamu kwa sababu uchunguzi wake hutolewa katika vituo vya afya: kipimo hakiishii kuutambua ugonjwa, bali huweza kuuzuia.

Je, huu si ugonjwa wa Wazungu na watu matajiri?

Hapana, ingawa dhana hiyo ina chanzo chake. Kwa miaka mingi saratani hii imeonekana zaidi Ulaya, Marekani, Australia na Japani, na viwango vya Afrika bado viko chini ya huko. Hata hivyo, kwa hesabu za dunia za mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo na zaidi ya 900,000 walifariki, ikiwa ni saratani ya tatu kwa idadi ya wagonjwa wapya na ya pili kwa vifo. Katika nchi za Kiafrika kusini mwa Sahara mambo mawili huwasumbua madaktari: wagonjwa wengi ni vijana kuliko wale wa Ulaya, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. La pili ndilo tunaloweza kulibadilisha sisi wenyewe.

Najisikia mzima, nakula vizuri na napata choo kila siku. Nipimwe kwa sababu gani?

Kwa sababu hiyo hiyo, kwamba bado u mzima. Polipu haiumi. Saratani iliyo katika hatua ya kwanza mara nyingi haiumi vilevile, kwani utumbo mpana ni mpana kweli kweli na uvimbe hupata nafasi ya kukua kwa muda mrefu kabla ya kuzuia choo kupita. Mtu anaposubiri maumivu ndipo aende hospitali, anasubiri dalili ambayo kwa kawaida huja mwishoni.

Takwimu za Marekani zinaonyesha tofauti hiyo bila kificho. Kati ya wagonjwa 100 waliogunduliwa saratani ikiwa bado ndani ya utumbo, takriban 90 huwa hai baada ya miaka mitano. Kati ya 100 waliogunduliwa ikiwa imefika kwenye ini, mapafu au viungo vingine vya mbali, wanaofikia miaka hiyo ni kama 15 tu. Hizo ni hesabu za nchi yenye hospitali nyingi na dawa nyingi, na sioni sababu ya kutarajia kwamba anayechelewa hapa kwetu atapata nafuu kubwa kuliko anayechelewa kule.

Ushahidi kwamba kupima watu wazima wa afya huokoa maisha si wa jana. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Minnesota, Marekani, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993, uliwahusisha watu zaidi ya 46,000, na ukaonyesha kwamba waliopimwa choo kila mwaka walikuwa na vifo vya saratani hii pungufu kwa theluthi moja wakilinganishwa na wasiopimwa. Kipimo kilichotumika kilikuwa cha bei ndogo na dhaifu kuliko vya leo.

Nianze nikiwa na umri gani?

Kwa mtu asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huu katika familia, Marekani hupendekeza kuanza miaka 45. Zamani ilikuwa 50, lakini jopo la taifa hilo liliteremsha umri mwaka 2021 baada ya kuona ugonjwa ukiongezeka kwa walio chini ya miaka hiyo. Uingereza huwaita watu kuanzia miaka 50 na kuwatumia kipimo cha choo nyumbani kila baada ya miaka miwili. Tanzania haina mpango wa kitaifa wa kumwita kila mtu kwa zamu yake, kwa hiyo hapa hakuna barua itakayokujia. Ni wewe utakayemuuliza daktari. Ushauri wetu ni kuanza kuuliza ukifika miaka 45, kwa wanaume na wanawake sawasawa.

Umri huo haumkingi kijana. Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016 na akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43, yaani kabla hajaufikia hata huo umri mpya wa kuanza uchunguzi. Kijana wa miaka 30 mwenye damu katika choo hahitaji kungoja miaka 45. Yeye si wa kuchunguzwa kwa zamu, ni mgonjwa anayehitaji kujua anaumwa nini.

Baba yangu alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Je, inanihusu?

Inaweza kukuhusu sana, na hapa ndipo familia zetu hupoteza habari muhimu. Msibani huambiwa marehemu “alisumbuliwa na tumbo”, na sentensi hiyo huzikwa naye. Waulizeni shangazi, ami na wajomba kabla hawajasahau: tumbo lilivimba? Alikuwa akipata choo chenye damu? Alifanyiwa upasuaji, na kama ndiyo, hospitali gani na mwaka gani? Cheti au karatasi ya hospitali iliyobaki kabatini ina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu.

Ikiwa mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako aliugua saratani ya utumbo mpana au puru kabla ya kufika miaka 60, ushauri wa kawaida ni kuanza uchunguzi kwa kamera inayoingizwa ndani ya utumbo (tutaieleza hapa chini) ukiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa ndugu yako, ikitegemea lipi linatangulia. Kaka aliyegunduliwa akiwa na miaka 44 maana yake ni kwamba ndugu zake waanze wakiwa na 34. Zipo pia koo chache zenye kasoro ya kurithi, kama ile iitwayo sindromu ya Lynch, ambamo kamera huanza kati ya miaka 20 na 25 na kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukoo wenye watu kadhaa waliougua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, hasa wakiwa vijana, umweleze daktari habari hiyo yote kwa pamoja, si kipande kipande.

Kuna vipimo gani?

Vipo vya namna mbili: vinavyotafuta alama ya ugonjwa katika choo, na vinavyoutazama utumbo wenyewe.

Katika vya choo, kizuri zaidi kwa sasa ni kile kinachotumia kingamwili, kifupi chake FIT, kinachotambua damu ya binadamu iliyojificha isiyoonekana kwa macho. Hufanywa kila mwaka, hakihitaji kubadilisha chakula, na hugundua takriban saratani tatu kati ya nne zilizopo katika upimaji mmoja. Polipu ndogo hukipita, maana nyingi hazitoi damu, na ndiyo sababu hurudiwa mwaka hadi mwaka. Kipimo cha kizamani, kinachotumia kemikali ya gwayako, bado kipo katika maabara nyingi. Hicho kina masharti: siku tatu kabla yake mtu aache nyama nyekundu, ambayo huweza kutoa jibu la uongo kwamba kuna damu, na apunguze vitamini C, ambayo hufanya kinyume chake na kuificha damu iliyopo. Chungwa moja lina takriban miligramu 70 za vitamini C na kiwango kinachotakiwa kutovukwa ni miligramu 250 kwa siku, kwa hiyo anayemenya machungwa ya Muheza manne au matano kwa kikao kimoja, kama tulivyozoea msimu ukifika, anaweza kupewa jibu zuri lisilo la kweli. Muulize mtaalamu wa maabara kipimo chake ni kipi kati ya hivyo viwili. Ni haki yako kujua.

Kipimo kinachotazama utumbo ni kolonoskopi, ambacho wengi hukiita kamera ya utumbo. Kikitoka safi kwa mtu asiye na hatari ya ziada, hakirudiwi mpaka baada ya miaka kumi. Faida yake kubwa ni kwamba polipu ikionekana hukatwa palepale. Ipo pia kamera fupi inayoishia upande wa kushoto wa utumbo, na CT skani maalumu ya utumbo, ambazo kila moja hurudiwa baada ya miaka mitano.

Ukiniuliza kipi bora, nitakujibu kwamba ni kile utakachokifanya kweli na kukirudia wakati wake. Kwa mtu wa Makorora au Pongwe asiye na dalili wala historia ya familia, kipimo cha choo cha kila mwaka ni mwanzo wenye busara.

Choo kinachukuliwaje, na kifikishwe lini?

Tandika karatasi au mfuko safi ili choo kisiingie majini wala kuchanganyika na mkojo, kisha chovya kijiti ulichopewa sehemu kadhaa za choo hicho na ukirudishe katika kichupa chake. Mwanamke aliye katika hedhi angoje imalizike. Andika tarehe.

Jambo linalosahaulika katika miji ya pwani ni joto. Protini ya damu ambayo kipimo cha FIT huitafuta huharibika katika joto, na kichupa kilichosahauliwa ndani ya gari au dirishani mwezi wa Februari kinaweza kuleta jibu safi wakati damu ilikuwamo. Kipeleke siku hiyo hiyo asubuhi, au ukihifadhi mahali pa baridi kama ulivyoelekezwa na maabara.

Jibu limesema kuna damu. Je, nina saratani?

Wengi wanaopata jibu hilo hawana saratani. Damu inaweza kutoka kwenye bawasiri, kwenye polipu au kwenye utumbo uliovimba kwa sababu nyingine. Lakini jibu hilo lina maana moja ya vitendo: sasa lazima kamera ifanyike.

Hapa ndipo watu hukwama. Mmoja hurudia kipimo cha choo katika maabara nyingine, hupata jibu safi, na kuamini lililompendeza. Mwingine hunywa dawa za bawasiri na kujiona amepona. Saratani haivuji damu kila siku, kwa hiyo jibu safi la pili halifuti la kwanza. Kipimo cha choo kisichofuatwa na kamera pale kilipoonyesha damu ni sawa na ambacho hakikufanyika. Tafiti zimeonyesha kwamba waliochelewa zaidi ya miezi kumi walikutwa na saratani nyingi zaidi, na zilizoendelea zaidi, kuliko waliofanyiwa kamera mapema. Lenga wiki chache.

Kamera hufanywaje? Inauma?

Daktari huingiza mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, kupitia njia ya haja kubwa, na kuupeleka taratibu hadi utumbo mpana unapoanzia. Hewa kidogo hupulizwa ili kuta zionekane, na hiyo ndiyo huleta hisia ya tumbo kujaa. Kwa kawaida mgonjwa huchomwa sindano ya dawa ya kumtuliza au kumlaza, na wengi hawakumbuki chochote. Kazi yenyewe huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Polipu hukatwa kwa kitanzi cha waya kinachopita ndani ya mrija huo huo. Ukuta wa ndani wa utumbo hauhisi kukatwa kama ngozi inavyohisi.

Nijiandaeje, hasa nikitokea Tanga kwenda Dar es Salaam au Moshi?

Maandalizi ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo inayoamua kama kamera itaona kitu. Utumbo wenye mabaki ya choo huficha polipu, na daktari anaweza kukurudisha ukaanze upya.

Siku mbili au tatu kabla, acha kisamvu, mchicha, maharage, mbaazi, dona na matunda yenye mbegu kama pasheni na mapera. Kula wali mweupe, mkate mweupe, samaki na mayai. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi pekee: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, juisi isiyo na nyama za tunda. Epuka vinywaji vyekundu kama juisi ya rosela, kwani rangi yake hufanana na damu. Vidonge vya kuongeza damu husimamishwa takriban wiki moja kabla kwa sababu huufanya utumbo kuwa mweusi. Mwenye kisukari na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasibadilishe chochote kwa uamuzi wao. Daktari ndiye atakayewapangia. Dawa yenyewe ya kusafisha utumbo ni unga unaochanganywa na maji mengi, na siku hizi hupendekezwa kunywewa kwa awamu mbili, nusu jioni na nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Utaharisha sana. Ndivyo inavyotakiwa, mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano yanayopitisha mwanga.

Kutokana na hayo, msafiri wa Tanga azingatie jambo ambalo karatasi ya maelekezo ya hospitali haiwezi kumwandikia: asianze dawa hiyo kabla ya kupanda basi. Dar es Salaam ni safari ya kilomita zipatazo 350, na Moshi haipungui sana hapo. Fika siku moja au mbili kabla, pata pa kulala penye choo cha karibu, kisha ndipo uanze kunywa. Nenda na ndugu mtu mzima, maana baada ya sindano ya usingizi hutaruhusiwa kuendesha gari wala pikipiki siku hiyo, na usikate tiketi ya kurudi jioni ile ile.

Kuna hatari gani?

Zipo, lakini ni chache. Katika kamera za uchunguzi, utumbo hutoboka kwa watu wapatao 3 kati ya 10,000, na kutokwa damu nyingi hutokea kwa wapatao 15 kati ya 10,000, hasa waliokatwa polipu. Baada ya kurudi nyumbani, maumivu makali ya tumbo, homa au damu nyingi ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Naona aibu. Pia mimi ni mwanamke na sitaki kuangaliwa na mwanamume.

Aibu hiyo inaeleweka na hakuna sababu ya kuichekea. Waweza kuomba daktari au muuguzi wa kike wakati wa kupangiwa tarehe, kwani ukiomba siku yenyewe huenda asipatikane. Hata daktari akiwa mwanamume, una haki ya kuwa na muuguzi wa kike chumbani muda wote. Mwili hufunikwa kwa shuka, na sehemu inayoachwa wazi ni ile tu inayohitajika. Kwa wanaume, ambao kwa uzoefu wetu ndio wanaokwepa zaidi, itoshe kusema kwamba kipimo hiki hakigusi uanaume wa mtu kwa namna yoyote.

Je, naweza kupimwa katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhani?

Kipimo cha choo hakina tatizo, kwani hakuna kinacholiwa wala kunywewa. Kamera ina tatizo, kwa sababu ya dawa ya kusafisha utumbo na maji mengi yanayoambatana nayo. Asiye na dalili aipange kabla au baada ya mwezi. Mwenye dalili, au ambaye kipimo chake kimeonyesha damu, asingoje. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine inajulikana, na sheikh wa msikiti wako atakueleza vizuri zaidi.

Ninaona damu katika choo. Naambiwa ni bawasiri tu. Nifanye nini?

Neno “tu” ndilo linaloua. Bawasiri ni za kawaida sana, na watu wengi wenye damu katika choo kweli wanazo. Lakini mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, na kuonekana kwa bawasiri nje hakuelezi kilichoko ndani. Damu ya saratani ya puru inaweza kuwa nyekundu mbichi na kubaki kwenye maji ya kutawadhia, sawasawa na ya bawasiri. Kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha, awe daktari, mganga au muuza dawa wa Ngamiani.

Dalili nyingine za kuzingatia ni mabadiliko ya choo yanayodumu wiki kadhaa, kama kuharisha na kufunga choo kwa kupokezana, au choo kuwa chembamba kuliko zamani. Kuhisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni. Maumivu ya tumbo yanayorudi. Kupungua uzito bila sababu. Na uchovu wa upungufu wa damu. Hili la mwisho hupita kirahisi huku kwetu. Mtu akikutwa na damu pungufu hupewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na mara nyingi ni sawa, kwani safura ipo. Lakini mwanamume wa umri wowote, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, anayepungukiwa na madini ya chuma bila sababu inayojulikana, anahitaji utumbo wake uchunguzwe. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo huvuja kidogo kidogo kwa miezi bila choo kubadilika rangi kwa jicho la kawaida.

Nenda kwa daktari na umwombe akupime kwa kidole, kipimo kinachochukua chini ya dakika moja na kisichohitaji mashine yoyote. Sehemu ya saratani za puru hufikiwa na kidole. Daktari akikuandikia dawa ya bawasiri bila kukupima, omba kwa heshima akupime kwanza. Ukitibiwa na damu ikaendelea, rudi na uombe rufaa ya kamera. Mwenye dalili hafanyiwi kipimo cha choo kisha akaridhika na jibu safi.

Nilifanya utrasaundi na kipimo cha damu, vyote vizuri. Havitoshi?

Havitoshi. Utrasaundi haioni polipu, kwani hewa iliyomo ndani ya utumbo huzuia mawimbi yake. Kipimo cha damu cha CEA hutumika kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kugunduliwa, si kumtafuta. Ama zile mashine za kushikwa kiganjani ambazo wauzaji wa virutubisho huzungukanazo wakidai zinasoma ini, figo na utumbo kwa dakika chache, hazipimi chochote katika hivyo.

Dawa za kusafisha tumbo huzuia saratani?

Hapana. Humfanya mtu aharishe, basi.

Chakula kina nafasi gani?

Kina nafasi, ingawa hakichukui mahali pa kipimo. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama iliyosindikwa, kama soseji, husababisha saratani hii, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuisababisha. Kiasi cha gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku, sawa na soseji moja hivi, huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Sigara, pombe, unene na kukaa bila kujishughulisha huongeza pia. Kwa upande mwingine, mlo wa kawaida wa pwani wa samaki, mbaazi, kisamvu, dona na matunda ni mlo mzuri, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wetu wanauacha kwa ajili ya chipsi na soseji.

Nianzie wapi, na gharama itakuwaje?

Anza kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, ueleze umri wako, habari za familia na dalili kama zipo. Kutoka hapo njia ya rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na inapobidi hospitali kubwa zaidi, kama Muhimbili au KCMC ya Moshi, ambako kamera hufanywa. Kwenda moja kwa moja bila barua ya rufaa huongeza gharama na foleni.

Mwenye bima aulize kabla ya safari kama kifurushi chake kinalipia kamera, na kama kinalipia uchunguzi wa mtu asiye na dalili, kwani hayo ni maswali mawili tofauti. Sera ya afya inatoa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Wanaohusika waanzie kwa viongozi wa mtaa au kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Nauli, malazi na chakula cha anayekusindikiza kwa kawaida havimo katika bima, na kwa wengi ndivyo vinavyokwamisha safari, kwa hiyo familia ivihesabu tangu mwanzo.

Polipu imekatwa. Nimemaliza?

Bado. Kinyama kilichokatwa hupelekwa maabara ya patholojia, na jibu lake ndilo linalopanga tarehe ya kurudi. Aliyekutwa na adenoma moja au mbili ndogo huweza kurudi baada ya miaka saba hadi kumi. Aliyekutwa na yenye ukubwa wa sentimita moja au zaidi, au adenoma tano hadi kumi, hurudi baada ya miaka mitatu. Dai karatasi mbili, ripoti ya kamera na ripoti ya patholojia, na uzitunze pamoja na hati zako nyingine muhimu. Ukiwa mkoani na hospitali ikiwa mbali, jibu linaweza kutoka nawe usijue. Acha namba ya simu inayopatikana na upige mwenyewe muda ulioambiwa ukipita.

Nikikutwa na saratani, nitawekewa mfuko wa choo tumboni maisha yote?

Si lazima. Saratani ndogo sana iliyo ndani ya polipu huweza kwisha kwa kukatwa kwa kamera peke yake. Kubwa zaidi ya hapo huhitaji upasuaji, na mara nyingi daktari huunganisha utumbo tena, wakati mwingine akiweka mfuko wa muda ili mshono upone. Mfuko wa kudumu huhitajika hasa uvimbe unapokuwa chini kabisa ya puru, karibu na misuli inayozuia haja. Baadhi ya wagonjwa huongezewa tibakemikali au mionzi, ambayo hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe unapogunduliwa ungali mdogo, uwezekano wa kuepuka mfuko huwa mkubwa zaidi.

Uchunguzi unakoma lini?

Mtu aliyekuwa akipimwa ipasavyo na majibu yake yakawa safi anaweza kuacha akifika miaka 75. Kati ya 76 na 85 uamuzi hutegemea afya yake na kama aliwahi kupimwa hapo nyuma: bibi wa miaka 78 aliye na nguvu, anayekwenda sokoni mwenyewe na ambaye hajapimwa hata mara moja, huenda akafaidika kuliko mwenye miaka 70 aliyelemewa na ugonjwa wa moyo. Baada ya 85 haupendekezwi tena. Hayo yote ni kwa wasio na dalili. Mzee wa miaka 90 anayetokwa na damu apelekwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.